Pori Lenye Wenyewe

Mtu akisimama mbele ya mchoro wa Albert Bierstadt wa mwaka 1866, ule wa dhoruba katika Milima ya Rocky wenye upana wa zaidi ya mita 3.5, macho yake hupanda moja kwa moja hadi kwenye wingu jeusi na kilele cheupe kinachochungulia nyuma yake. Wengi huishia hapo: pori tupu, basi. Lakini shusha macho bondeni. Kuna kambi ya wenyeji wa asili, mahema madogo kama punje, na wapanda farasi wanaowafukuza farasi waliokurupuka. Pori gani tupu lenye wenyewe?

Mpinzani atasema mchoraji alichora hali ya hewa, si siasa. Ni kweli Bierstadt alizuru Colorado mwaka 1863, akaikamilisha kazi New York huku akikirefusha kilele kupita kimo chake. Ila kati ya safari hiyo na mchoro, Novemba 1864, wanajeshi waliwaua Wacheyenne na Waarapaho pale Sand Creek, hukohuko Colorado, wanawake na watoto wakiwemo. Sidai kwamba alikusudia kuwaomboleza. Nadai tu kwamba mlima ule haukuwahi kuwa mandhari tupu, na majina yake yanashuhudia. Yeye aliuita Rosalie, jina la mwanamke aliyemwoa mwaka 1866. Baadaye ukaitwa Evans, jina la gavana wa Colorado aliyeng'oka madarakani kwa ajili ya mauaji yale. Mwaka 2023 ukapewa jina la Blue Sky, yaani Anga la Buluu, ambalo Waarapaho hujitambulisha nalo.