Nani Mwamuzi wa Matamshi?

Msomaji, huenda umepata kuwasikia wanafunzi wawili wakishindana, huyu asema "khabari", yule asema "habari", kisha wote wakaikimbilia kamusi kama washtakianao wamwendeavyo kadhi. Yafaa basi tujue kadhi huyo alitawazwa lini, na hukumu zake zatoka wapi.

Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, akayaandika maneno kama alivyoyasikia kwa wenyeji. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, naye amekwisha kufa. Kule Unguja, Edward Steere alitoa kitabu chake mwaka 1870, akifuata usemi wa huko. Mmvita husema mato, kitwa na kutinda. Muunguja husema macho, kichwa na kuchinja. Wala hapana aliyekosea, kwani kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Lakini serikali za kikoloni zilitaka vitabu vya namna moja kwa shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja. Kamati ya lugha iliundwa mwaka 1930, na mwaka 1939 ikatoka kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Tangu hapo, mtoto wa Mvita aliyeandika "mato" kama asemavyo mamaye alihesabiwa kuwa amekosa, ingawa Kimvita ndicho alichotungia Muyaka bin Haji mashairi yake mashuhuri.

Sasa litazame neno habari. Asili yake ni Kiarabu, na Waarabu hulitamka kwa kh ya kooni. Vivyo hivyo hatari na hasara. Watu wengi waliilainisha sauti ile, na kamusi zikawafuata. Leo hakuna amwonaye mjinga mwenye kusema "habari". Kumbe kosa la jana, likikubaliwa na wengi, laweza kuwa sahihi ya leo.

Je, kila litamkwalo na wengi likubaliwe? La, hasha. Wako wasemao "zana" wakikusudia dhana. Lakini zana ni vyombo vya kazi, na dhana ni wazo. Sauti hizo zikichanganywa, maana hupotea. Kwa hiyo mtunga kamusi hana budi kuifuata desturi, lakini asiifuate mbio, aipime kwanza.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ilikuwa kazi ya wenye lugha wenyewe. Uamuzi sasa ni wetu, nawe u mmoja wetu. Basi katika mtihani andika "macho". Lakini urudipo nyumbani, usiyacheke "mato" ya nyanya yako.