Safari ya Funza: Toka Unyayo Hadi Kiuno

Ninyi mlioko darasani Namawala, na ninyi wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, karibuni katika somo letu la historia. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: UNYAYO, NYONGA, KIUNO.

Labda mmoja wenu anauliza: Je, hili ni somo la historia au la afya? Ni la historia. Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Hata maumivu ya kiuno yaweza kuwa na historia yake, na leo tutaifuata historia moja iliyoanza na mdudu mdogo sana.

Kwanza, simama uende hatua chache. Angalia mguu wako. Kisigino hukanyaga kwanza, kisha uzito hupita juu ya unyayo, na mwisho kidole gumba husukuma ardhi. Mguu mmoja, toka kifundo hadi vidole, una mifupa 26, na yote hufanya kazi pamoja. Sasa jaribu kwenda kwa kisigino tu, kama mtu mwenye vidonda vya vidole. Hatua inakuwa fupi, nyonga inakaza, na mwili unayumba. Mishipa na nyama za kiuno hushika kazi ya kukuzuia usianguke. Ukienda hivyo siku moja, hapana neno. Ukienda hivyo miezi mingi, tena na mzigo kichwani, kiuno chaweza kuanza kuuma.

Mdudu aliyewafanya watu wengi wa Afrika Mashariki waende hivyo ni funza, ambaye wengine humwita tekenya. Zamani hakuwako huku. Kwao ni Amerika ya Kusini. Inaelezwa kwamba mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Rio de Janeiro, katika nchi ya Brazil, ikafika Ambriz, pwani ya Angola. Ndani yake mlikuwa na mchanga wa kuipa meli uzito, na katika mchanga ule mlikuwa na funza.

Toka pale funza aliingia bara. Alipitaje, naye hawezi kuruka mbali? Alisafiri katika miguu ya watu. Misafara ya biashara na ya wapelelezi ilipita toka kijiji hadi kijiji, na kila walipolala waliacha mayai ya funza mavumbini. Mwaka 1892 msafiri mmoja wa Austria, Oscar Baumann, alipita Uzinza, kusini ya Ziwa Victoria. Aliona watu ambao viungo vyao vimeoza kwa funza, na vijiji vilivyoangamia. Watu hawakumjua mdudu huyu, wala hawakujua namna ya kumtoa. Mwenye miguu mibovu hakuweza kwenda shamba, na asiyevuna hana chakula. Kabla ya mwaka 1900 funza alikwisha fika pwani na Unguja. Alivuka bara zima kwa muda wa miaka ipatayo 25.

Wafikirieni wapagazi wa siku zile. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Mtu aliyebeba mzigo ule huku akichechemea alitesa mguu, nyonga na kiuno kwa pamoja. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Maelfu na maelfu ya watu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, ni kumbukumbu yao. Vita ile ilifika hata huku kwetu, na mji wa Mahenge ulitekwa Oktoba 1917. Katika vita hiyo funza aliwalemaza askari na wapagazi wengi. Wako waliopoteza vidole.

Miaka ilipita, na elimu juu ya mdudu huyu ikaongezeka. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, katika nchi ya Uswisi, alifika Ifakara. Mwaka huo huo yeye na mwenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya funza jike na jinsi mwili wake unavyovimba. Mwaka 1957 maabara yake ilianza Ifakara, na kutokana na maabara ile imekua taasisi kubwa ya utafiti wa afya. Hata Namawala imejulikana na wataalamu wa mbali kwa sababu ya utafiti wa mbu na malaria.

Funza jike, kabla ya kuingia mwilini, ni mdogo kuliko punje ya mtama. Huingia pembeni ya kucha, katikati ya vidole au kisiginoni. Katika wiki moja au mbili huvimba akawa kama njegere. Huacha tundu dogo, na kwa tundu hilo hutoa mayai, yakaanguka chini. Watoto wake hukua katika vumbi. Kwa hiyo ukitibu mguu ukaiacha sakafu ya vumbi, funza atarudi.

Basi tufanye nini? Osha miguu kila siku, uikague, hasa ya watoto na wazee wasioweza kuinama. Vaa viatu, hata makatambuga. Fagia na kunyunyizia maji sakafu ya udongo. Ukipata saruji, ni bora zaidi. Usitumie sindano moja kwa watu wawili, maana huleta maradhi mengine. Pepopunda nayo huingia kwa vidonda vya namna hii. Nenda zahanati, siku hizi yako mafuta ya dimetikoni yanayomwua funza pasipo kuchokoa.

Lakini tusikosee. Si kila kiuno kinachouma kimeanzia mguuni. Kuinama siku nzima katika mpunga na kubeba magunia pia huumiza. Na mtu ambaye miguu inakufa ganzi, au anashindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali upesi.

Jambo moja la mwisho. Mara nyingi mwenye funza huchekwa. Huambiwa ni mvivu, ni mchafu, au amelogwa. Historia yatuambia vingine: mdudu huyu aliletwa na meli, akabebwa na misafara, akawapata watu ambao hawakumjua. Ukimwona jirani anachechemea na kushika kiuno, usimcheke. Muulize habari za miguu yake, kisha msaidie kufagia nyumba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Funza alitoka wapi, naye alifikaje Afrika Mashariki?
2. Kwa nini mguu mbovu waweza kuumiza kiuno?
3. Kwa nini haitoshi kutibu mguu peke yake?
4. Andika sentensi mbili ukitumia maneno UNYAYO na KIUNO.

Kwa herini, wanafunzi.