Nani aliikata Katanga?

Vijana wenzangu, tukianza kuongea habari za Katanga, kila mtu anarukia tarehe 11 Julai 1960, siku Moïse Tshombe alipotangaza kwamba jimbo limejitenga na Kongo. Mimi naomba turudi nyuma kama wiki nne tu. Kulikuwa na jambo dogo la sheria wakati ule, jambo la kuhesabu wabunge ndani ya ukumbi, na kwa maoni yangu ndipo mambo yalipoharibika.

Uchaguzi wa majimbo ulifanyika Mei 1960, uhuru ukiwa unakaribia. Bunge la jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60. Conakat ya Tshombe, chama kilichokuwa karibu na walowezi na kampuni ya migodi ya Union Minière, kilipata viti 25. Balubakat ya Jason Sendwe, yenye nguvu kaskazini, pamoja na washirika wake walipata vichache kidogo tu chini ya hapo. Waliobaki walikuwa wabunge binafsi na vyama vidogo. Yaani hakuna aliyeshinda kabisa.

Sasa, Sheria ya Msingi iliyotungwa na Wabelgiji ilisema hivi: ili bunge lichague serikali ya jimbo, lazima theluthi mbili ya wabunge wawe wameingia. Hiyo ndiyo akidi. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Balubakat waliona kwamba Conakat inataka kuchukua serikali yote peke yake, wakakataa kuingia ukumbini. Bila wao 40 haipatikani. Ilikuwa njia ya kulazimisha wenzao wakae mezani wagawane madaraka.

Je, walifanya vizuri? Mimi sioni kwamba Balubakat walikuwa malaika. Kususia kikao ni mchezo wa vyama kama michezo mingine, na ukiuzoea sana nchi haitawaliki. Lakini ule mlango wa theluthi mbili ulikuwa mlango pekee wa wale walio wachache, na uliwekwa makusudi ili mmoja asimmeze mwingine. Bunge la Ubelgiji, kule Brussels, likaubomoa. Katikati ya Juni 1960 sheria ilibadilishwa haraka, wingi wa kawaida ukatosha, na Conakat wakaunda serikali ya jimbo wenyewe. Wiki mbili baadaye uhuru. Baada ya siku 11 tena, kujitenga. Kwa hiyo serikali iliyotangaza kwa niaba ya "Wakatanga wote" kwamba wanaondoka Kongo ilikuwa na karibu nusu ya jimbo nje ya mlango.

Kilichofuata tunakijua kwa sababu tumeishi kitu kinachofanana nacho. Kaskazini iliasi, vijiji vikachomwa na askari wa Tshombe, na mwaka 1961 Waluba zaidi ya 30,000, wa Katanga na wa Kasai, walikimbilia chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa ndani ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kambi ya wakimbizi katikati ya mji wa nchi yao wenyewe! Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, mnapoandika kwenye ripoti "mgogoro wa kikabila", kumbukeni kwamba Waluba na majirani zao waliishi pamoja muda mrefu kabla ya mtu kuwabadilishia hesabu bungeni. Walirudishwa makwao mwaka 1962.

Mwaka huohuo upande wa pili nao ulishika kisu. Serikali ya Léopoldville ilitenga jimbo la Katanga Kaskazini, na mtu asituambie kwamba ilikuwa ni kuwapelekea wananchi huduma karibu. Lengo lilikuwa kumdhoofisha Tshombe. Kongo nzima ilitoka majimbo 6 ikafika 21. Sendwe akawa kiongozi wa jimbo jipya, na Juni 1964 aliuawa Albertville, yaani Kalemie, wakati wa uasi. Kisha akaja Mobutu, akarudisha majimbo kuwa 12, halafu 8, akawa anateua magavana mwenyewe. Bunge la jimbo likawa halina kazi tena.

Miaka 40 baadaye tulipata katiba ya 2006, na kwenye karatasi ni nzuri kweli. Inasema majimbo 26 tukihesabu na Kinshasa, magavana wachaguliwe na wabunge wa majimbo, na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwenye jimbo ibaki palepale. Muulize dereva yeyote wa lori la shaba anayepita Kasumbalesa kama ile 40 imewahi kubaki.

Mgawanyo wenyewe ulisubiri hadi 2015. Tazama ulivyofanyika. Katanga ilikatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Shaba na kobalti zikabaki kwenye vile viwili vya kwanza. Gavana wa Katanga tangu 2007 alikuwa Moïse Katumbi, ambaye wakati ule alishaanza kuonekana kama mpinzani wa Rais Kabila kwa uchaguzi uliotakiwa kufanyika 2016. Jimbo lake likayeyuka. Mwishoni mwa Septemba 2015 alijiuzulu na kukiacha chama. Mwezi uliofuata Kabila aliteua makamishna maalumu wa kuongoza majimbo mapya, cheo ambacho hakimo ndani ya katiba. Kuna wapiganaji waliojiita Bakata Katanga, walioingia Lubumbashi Machi 2013 wakitaka kuikata Katanga kutoka Kongo. Wao walipigwa risasi. Waliokata kwa kalamu walipigiwa makofi.

Mimi sipingi majimbo madogo. Mtu wa Moba kusafiri hadi Lubumbashi kwa karatasi moja ilikuwa taabu, na Kalemie kuwa makao makuu ni jambo jema. Lakini jimbo jipya lilizaliwa bila pesa na bila gavana aliyechaguliwa, na ilipopamba moto vita ya Watwa na Waluba Tanganyika, 2016 na 2017, nani alikuwa na nguvu ya kuizima? Wengi wetu tulivuka kuingia Chienge mwaka ule wa 2017. Mantapala ilifunguliwa kwa sababu yetu.

Halafu tazama Machi 2019. Wabunge wa majimbo walichagua maseneta. UDPS, chama cha rais mpya, ilikuwa na wabunge wengi Kinshasa lakini haikupata hata seneta mmoja pale. Kelele za rushwa zilikuwa kubwa mpaka Rais Tshisekedi akasimamisha kuapishwa kwa maseneta na kuahirisha uchaguzi wa magavana. Wabunge wachache wanaochagua gavana ni rahisi kununuliwa, wapiga kura laki kadhaa ni ghali. Ndiyo maana nataka gavana achaguliwe na wananchi wenyewe. Kuna rafiki ananijibu kwamba hapo kabila kubwa litachukua kila kitu. Hoja yake ina uzito, historia ya 1960 inampa nguvu. Ila dawa yake ni kurudisha kitu kama ile theluthi mbili: gavana asipitishe bajeti bila sehemu ya wapinzani kukubali, na kanuni isiguswe mpaka muhula uishe.

Kule kwetu banasemaka: politiki ni ya bakubwa. Desemba 2023 Wakongomani walioko nje walipiga kura kwa mara ya kwanza, katika nchi tano: Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Kanada na Afrika Kusini. Zambia haikuwemo, wala Tanzania, wala Uganda. Tena hata hao wa nchi tano walipewa karatasi ya rais tu. Ya mbunge wa jimbo, yule anayemchagua gavana wa Tanganyika, hawakupewa.