Tororo au Busia? Linganisha gharama za maisha kabla ya kuhama

Labda umesikia kuna vibarua Tororo, kwenye saruji au upande wa machimbo ya fosfeti ya Osukuru. Labda ndugu yako anauza nguo Busia na anakwambia biashara inaenda vizuri. Kabla ya kuuza godoro na kupanda gari, kaa chini ufanye hesabu. Usiulize tu unga ni nafuu wapi. Uliza hivi: mwezi ukiisha, familia yangu itabaki na nini mkononi?

Makala haya ni kwa wakimbizi wanaofikiria kutoka kwenye makazi, na pia kwa wenyeji wanaohama kutafuta riziki.

Kwanza, jua unahamia nchi gani

Tororo iko Uganda. Busia ni mji uliokatwa na mpaka: upande mmoja Uganda, upande mwingine Kenya. Tangu 2014, raia wa Uganda na Kenya wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha mkimbizi hakifanyi kazi hiyo. Mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, ambayo huombwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Kumbuka pia kwamba ukienda kuishi Kenya, hadhi ya ukimbizi uliyopewa Uganda haihami pamoja nawe. Kwa hiyo, kama wewe ni mkimbizi, linganisha Tororo na Busia ya upande wa Uganda.

Hesabu unachoacha

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inakupa haki ya kutembea nchini na kufanya kazi. Lakini msaada mwingi hutolewa ndani ya makazi, na anayehamia mjini hutarajiwa kujitegemea. Andika kila kitu ambacho leo hukilipii au unakilipia kidogo: chakula au pesa za WFP, shamba la mboga, maji, nyumba isiyo na kodi. Weka bei ya mjini mbele ya kila kimoja. Jumla yake ndiyo gharama ya kwanza ya kuhama, nayo ndiyo watu wengi husahau.

Fedha mbili, hesabu moja

Busia, shilingi za Uganda na za Kenya zote hupita mikononi. Badilisha kila bei iwe fedha moja, ile unayolipwa. Tena usitegemee kiwango cha siku moja. Mwanzoni mwa 2024 shilingi moja ya Kenya ilishuka chini ya 25 za Uganda, na miezi michache baadaye ikapanda tena karibu na 29. Tuseme unalipwa kwa fedha za Kenya, shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa kiwango cha 29 unapata 174,000 za Uganda. Kwa kiwango cha 25 unapata 150,000. Kazi ni ileile, lakini pengo ni 24,000. Panga matumizi yako kwa kiwango kibaya zaidi.

Kodi na usafiri

Uliza mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingapi mbele, na kama umeme, maji na choo vimo ndani ya bei hiyo. Omba risiti kila unapolipa. Sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inazuia kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Chumba cha bei ndogo nje ya mji kinaweza kukugharimu zaidi. Tuseme chumba Osukuru kinakuokolea 50,000 kwa mwezi, lakini unalipa bodaboda 2,000 kwenda kazini mjini na 2,000 kurudi. Kwa siku 26 hiyo ni 104,000. Umepoteza 54,000. Kama kazi yenyewe iko Osukuru, hesabu inageuka.

Chakula

Linganisha kipimo kabla ya bei. Gorogoro, kikombe na kilo si kitu kimoja. Gorogoro ya mahindi ni kama kilo 2. Bei za mpakani pia hubadilika kwa sababu zisizokuhusu. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu ya aflatoksini, na wafanyabiashara wakakwama na mizigo. Kama utaishi kwa kuuza nafaka mpakani, weka akiba ya siku kama hizo.

Shule na matibabu

Shule za UPE za Uganda hazitozi ada ya masomo, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vina bei. Nenda shuleni uulize jumla ya muhula mzima. Kwa wenyeji wanaovuka: Kenya ina miaka 6 ya msingi, Uganda ina 7, na mihula haianzi pamoja. Mtoto anaweza kurudishwa darasa. Kenya pia ina bima ya afya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024. Mchango wa chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi.

Kabla ya kuamua

1. Nenda mtu mmoja, siku tatu au nne. Nunua chakula sokoni mwenyewe, tembea hadi shule na kituo cha afya.
2. Zungumza na mwenyekiti wa LC1 wa mtaa unaotaka kuhamia.
3. Andika mapato ya mwezi mbaya, si mwezi mzuri. Toa kodi, chakula, usafiri, shule, dawa, maji na umeme.
4. Kikibaki kitu, linganisha na maisha ya sasa. Kisipobaki, ngoja.
5. Weka akiba ya miezi miwili, pamoja na nauli ya kurudi.
6. Usiuze vyombo wala kuacha shamba kabla ya kuuliza ofisi ya OPM kwenye makazi yako nini kitatokea kwa kadi ya familia.

Ukiwa na swali kuhusu hati au msaada wako, piga simu ya bure ya UNHCR Uganda: 0800 323232.