Safari ya Kupumzika: Kutoka Ikutha hadi Marangu

Katika kitabu hiki cha yubile mtasoma habari za waanzilishi wa kwaya yetu, za sare ya kwanza na za nyimbo tulizoimba kwa miaka 25. Ukurasa huu unahusu wiki moja ambayo hatukuimba. Ni ile wiki tuliyovuka mpaka kwenda Tanzania kupumzika baada ya misheni ndefu. Tunajua kwamba maneno yalisemwa, na mengine yangali yanasemwa, kwamba kwaya ilikwenda kula ndizi kwa pesa za Bwana. Yubile ni wakati mzuri wa kueleza jambo hilo wazi, pamoja na kosa tulilolifanya.

Misheni yenyewe ilikuwa ya siku 19, shule zikiwa zimefungwa mwezi wa Agosti. Tulikuwa watu 34, basi moja, jenereta moja na spika mbili. Tulianzia Mulango, tukashuka Mutomo na Ikutha, tukavuka mto Athi kuingia Kibwezi, na tukamalizia chini ya kilima cha Nzaui. Tuliimba asubuhi na jioni. Tulilala sakafuni katika madarasa, na akina mama wa kwaya waliamka kabla ya jogoo kwenda kuchota maji kwenye visima vya mchangani. Watu wengi walimpokea Bwana, na kwa hilo tunashukuru.

Lakini kufikia wiki ya tatu tulikuwa tumechakaa. Mwalimu wa kwaya alikuwa akifundisha kwa kunong'ona. Soprano na tena walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya kipaza sauti. Usiku wa mwisho, mbele ya watu, wimbo ulitukatikia katikati. Besi walikwenda huku, alto wakaenda kule, tukanyamaza. Baada ya maombi, mzee mmoja wa kanisa la pale alituita kando. Tulidhani atatukemea. Aliuliza swali moja tu: "Wanangu, mmepumzika lini?" Hakuna aliyejibu.

Kisha akatukumbusha habari za mahali tulipokuwa tumesimama. Ni hapo Nzaui ambapo Peter Cameron Scott na wenzake wa African Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza mnamo Desemba 1895. Scott alikuwa kijana mwenye bidii ya ajabu. Alikwisha kwenda Kongo, akamzika ndugu yake huko, akarudi kwao mgonjwa, kisha akaja tena Afrika, safari hii Ukambani. Katika mwaka mmoja alitembea kwa miguu mamia ya maili akitafuta mahali pa vituo vingine. Desemba 1896 alikufa kwa homa, akiwa na umri wa miaka 29. Miaka michache baadaye kundi lile lilikuwa limebaki karibu tupu, wengine wamekufa na wengine wamerudi kwao. Hatusemi kwamba likizo ingezuia homa, kwa maana wakati ule dawa zilikuwa chache na njia zilikuwa ndefu. Tunasema tu kwamba ardhi ya Makueni inajua gharama ya watumishi wanaokwenda bila kusimama.

Ardhi ya Kitui nayo ina habari nyingine. Ludwig Krapf alifika kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, mwishoni mwa mwaka 1849. Akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba, aliuona Mlima Kenya. Kufikia hapo alikuwa ametumika Afrika zaidi ya miaka kumi, kwanza Uhabeshi, kisha pwani yetu, na alikuwa amemzika mke wake Mombasa. Mwaka 1850 alisafiri kwenda Ulaya kupumzika. Akiwa huko, mjini Tübingen, kilichapishwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili, na pia Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba. Mwaka uliofuata alirudi, akapanda tena Ukambani. Safari ile ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza: Kivoi aliuawa karibu na mto Tana, na Krapf akarudi Rabai akiwa hoi kwa njaa na kiu. Lakini alikuwa amerudi.

Tuliosoma Biblia jioni ile tulifungua Marko hiyo hiyo, sura ya 6. Mitume wanarudi kutoka misheni na kumweleza Yesu yote waliyofanya. Watu ni wengi mno hata hawapati nafasi ya kula. Naye hawapangii ziara nyingine. Anawaita waende naye mahali pa faragha wakapumzike. Wito huo, kwa maneno hayo, umo katika Marko peke yake. Basi Injili hiyo iliyochapishwa kwa Kikamba wakati wa mapumziko ya Krapf ndiyo inayowaambia watumishi wapumzike. Tuliona kwamba tumeimba siku 19 bila kulisikia neno hilo.

Ndipo tukaamua kwenda Marangu. Kulikuwa na sababu mbili. Kwanza, ni karibu: kutoka Emali unapita Kimana na Loitokitok, unavuka Tarakea, na ukifuata mteremko wa Kilimanjaro unafika siku hiyo hiyo. Pili, pana undugu wa zamani. Walutheri wa Leipzig kutoka Ujerumani, waliofanya kazi Ikutha na kufungua Mulango mwaka 1899, ndio hao hao walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Vita vya mwaka 1914 viliwatenganisha: vituo vya Ukambani vikapita mikononi mwa African Inland Mission, na kule mlimani Kanisa la Kilutheri likaendelea kukua. Tulikuwa tunakwenda kwa jamaa.

Kanuni ilikuwa moja: siku nne bila mazoezi, bila kipaza sauti, bila ratiba. Usiku wa kwanza wengi wetu hatukulala. Huko maji hushuka kutoka mlimani katika mifereji iliyochimbwa na Wachagga tangu zamani, na mmoja ulipita karibu na dirisha. Sisi tuliozoea kuchimba mchanga kupata ndoo moja tulilala tukisikiliza maji yakipita bure usiku kucha. Mama mmoja alitoka na taa mara mbili kuhakikisha kwamba hakuna aliyesahau kufunga mfereji wa bomba.

Mchana tulikula mtori, tukatembea chini ya migomba na mibuni, tukajifunza adabu. Kijana wetu wa tena aliingia mgahawani akasema, "Nipe chai." Mhudumu alimtazama kwa huruma, akamwuliza kama kuna msiba nyumbani. Tangu siku hiyo sisi sote tulisema "Naomba". Siku ya tatu soprano na tena walionekana wakimenya ndizi kwenye sufuria moja. Hakuna kikao kilichowapatanisha.

Jumapili tuliketi katikati ya washarika kama wageni wengine. Ulipoanzishwa wimbo tunaoujua, tuliuimba tukiwa tumekaa kila mtu mahali pake, bila kiongozi, na sauti nne zikakutana zenyewe. Wengine walilia. Mwalimu wa kwaya alikuwa mmoja wao.

Sasa kosa letu. Safari ilikuwa ya michango sawa, na tulidhani usawa ndio haki. Watu 28 walikwenda. Sita walibaki, na hatukuuliza kwa nini. Mmoja wa waliobaki ni mama wa alto aliyetupikia siku zote 19 za misheni, aliyelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Tuliporudi tukiimba ndani ya basi, hakuja kutupokea, wala hakuja mazoezini mwaka mzima. Tulipomtembelea hatimaye, alisema kwa upole, "Nilidhani kupumzika ni kwa wenye pesa." Hatukuwa na jibu. Tulimwomba msamaha, akatusamehe, na leo mtamwona katika mstari wa pili.

Maneno yake yametufundisha kuliko safari yenyewe. Katika Walawi sura ya 25, mwaka wa yubile unapofika, anayepumzika si mwenye shamba peke yake. Hata udongo unapumzishwa. Yubile yetu ni ya miaka 25, nusu ya ile, lakini sheria ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo kamati imekubaliana kwamba kila misheni itakayopangwa kuanzia sasa, bajeti yake iwe na siku za mapumziko, na siku hizo zilipiwe na mfuko wa kwaya kwa kila aliyehudumu, awe mwimbaji, mpishi au dereva. Mkitoa sadaka yenu leo, jueni kwamba sehemu yake inakwenda huko, nasi hatuoni haya kusema.

Kwa wale waliouliza pesa zilikwenda wapi: tulikwenda Marangu kwaya iliyovunjika, tukarudi kwaya inayoimba. Mara nyingine tutakwenda sote.