Kubadili filta ya dizeli ya pikapu nyumbani Gisenyi

Barabara ya Gisenyi kwenda Musanze, nchini Rwanda, huanzia karibu na usawa wa Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya bahari, na haichukui muda kupanda hadi nyanda za Nyabihu zinazozidi mita 2,000. Pikapu iliyopakia viazi vya Bugeshi au Busasamana hujulikana hali yake kwenye mlima huo. Filta ya dizeli ikianza kuziba, gari huwaka vizuri asubuhi, huzunguka mjini kati ya soko na mpaka bila shida, kisha likikuta mwinuko hukosa nguvu. Injini isiyo na kazi nzito hunywa dizeli kidogo, na kiasi hicho hupita hata kwenye karatasi iliyojaa uchafu. Mzigo na mlima hudai kiasi ambacho karatasi hiyo haiwezi tena kukipitisha. Moshi mweusi si dalili yake. Moshi huo hutoka dizeli inapozidi hewa, ilhali filta iliyoziba huipunja injini dizeli. Anayeona moshi mweusi aanze na filta ya hewa, mipira ya turbo na nozeli.

Kubadili filta hii ni kazi ya uani. Inahitaji spana chache, beseni, kitambaa kisichoacha nyuzi, chupa angavu na mwanga wa mchana. Ugumu wake hauko kwenye spana. Filta ina upande mchafu unaopokea mafuta kutoka kwenye tangi, na upande safi unaoyapeleka kwenye pampu. Chochote kitakachoangukia upande safi wakati wa kazi hakina kizuizi kingine mbele yake. Ndiyo maana gari lililobadilishiwa filta kwa haraka kando ya barabara, vumbi likipeperuka, linaweza kuharibika upesi kuliko lililoachiwa filta kuukuu.

Zamani kosa hilo lilisameheka. Injini ya Rudolf Diesel ya mwaka 1897 ilipuliza mafuta ndani ya silinda kwa hewa iliyoshindiliwa. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma dizeli, na kwa miongo mingi baada ya hapo pampu za namna hiyo zilibaki vyuma imara. Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 2L au 5L, ambayo bado inabeba mizigo katika Afrika Mashariki, ina nozeli zinazofunguka kwa shinikizo la takriban bar 150. Mwaka 1995 Denso ya Japani iliweka kwenye lori mfumo wa reli moja ya mafuta inayolisha nozeli zote, ikiongozwa na kompyuta, na muda si mrefu mfumo huo ukaingia kwenye pikapu. Hilux za injini ya 2KD na 1KD hufika karibu bar 1,600, na zile za GD zilizoanza 2015 huvuka bar 2,000. Nafasi kati ya sindano ya nozeli na ukuta wake ni maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inaweza kuikwaruza sindano hiyo ikaanza kuvujisha, na bei ya nozeli moja hununua filta nyingi sana.

Adui wa pili ni maji, na kwa Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, ningemtaja kabla ya vumbi. Rwanda haina bahari wala kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi. Dizeli yake hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,000 na kuhamishwa kutoka tangi hadi tangi kabla ya kufika kituoni, na kila uhamisho ni nafasi ya maji kuingia. Ng'ambo ya mpaka, Goma nchini Kongo, mafuta huuzwa pia kando ya barabara kwenye chupa na bidoni na wauzaji wanaoitwa kadafi; mazutu, yaani dizeli, ya bidoni hubeba historia yote ya bidoni hiyo, pamoja na mvua iliyonyesha juu ya kifuniko chake. Watu hupenda kulaumu umande unaoganda ndani ya tangi lililo nusu tupu usiku wa baridi. Upo, lakini ni kidogo ukilinganishwa na maji yanayomiminwa pamoja na mafuta yenyewe.

Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Chini ya filta nyingi za pikapu kuna kikombe cha kuyakusanya, koki ya kuyatoa na kihisio kinachowasha taa kwenye dashibodi yakijaa. Yakipita hadi kwenye pampu huondoa utelezi ambao dizeli inautoa, huleta kutu, na yakifika kwenye ncha ya nozeli yenye joto hugeuka mvuke ghafla na kuweza kuibomoa ncha hiyo. Tena pale maji yanapokutana na dizeli huota bakteria na ukungu, wanaoacha ute mweusi unaoziba karatasi kuliko mchanga. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na mto Sebeya ukafurika Rubavu. Gari lililosimama ndani ya maji ya namna hiyo halitibiwi kwa filta. Tangi lake lina tundu la kupumulia, na maji huingia hapo. Tangi litolewe mafuta yote na lisafishwe kwanza, ndipo filta mpya ifungwe.

Ununuzi unataka subira. Pikapu za aina moja na umri mmoja hutofautiana kwa soko zilikotengenezewa, kwa hiyo jina la gari halitoshi dukani; nenda na namba ya chasisi na filta ya zamani. Kuna filta za kopo la chuma zinazozungushwa nzima, na kuna za karatasi tupu inayowekwa ndani ya chombo kinachobaki kwenye gari. Feki hujionyesha ukiangalia ndani ya tundu: mikunjo michache au iliyolala, gundi iliyomwagika ovyo, raba ngumu isiyorudi ukiibonyeza. Filta isiyo na mfuko wake wa plastiki uliofungwa iache dukani, hata kama muuzaji ni jirani.

Siku ya kazi, injini iwe imepoa. Dizeli haishiki moto kwa urahisi kama esansi, yaani petroli, kwani huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 hivi ndipo mvuke wake uweze kuwaka, lakini ekzosi ya gari lililotoka safari ina joto kubwa kuliko hilo. Egesha mahali tambarare pasipo na upepo. Ardhi ya Gisenyi ni ya mawe na vumbi la volkano, vumbi gumu lenye kona kali, kwa hiyo nyunyiza maji kidogo uani kwanza. Kisha safisha kichwa cha filta na mabomba yake kabla ya kulegeza chochote. Hatua hii hurukwa kuliko zote. Matope yaliyoganda juu ya kichwa cha filta huanguka pale pale tundu linapofunguka.

Weka beseni chini, chomoa waya wa kihisio cha maji, fungua koki ya chini na uache mafuta yatoke kwenye chupa angavu. Filta ya kopo huzunguka kwa mkono au kwa mkanda wa kufungulia filta. Kuitoboa kwa bisibisi ili iwe mpini wa kuizungushia ni desturi ya gereji nyingi, nayo humwaga vipande vya bati pale pale unapotaka usafi. Angalia kama raba ya zamani imetoka nayo. Ikibaki imeganda kwenye kichwa, ukafunga nyingine juu yake, gari litavuta hewa na utatafuta sababu siku nzima. Kihisio cha maji mara nyingi huhamishwa kutoka filta ya zamani hadi mpya, na kina oringi yake ndogo inayostahili kubadilishwa.

Hapa ndipo panapozuka ubishi. Mafundi wengi watakuambia ujaze filta mpya dizeli kabla ya kuifunga ili gari liwake upesi. Kwa injini ya 5L ushauri huo hauleti hasara kubwa, mradi mafuta yawe safi. Kwa injini ya reli ya mafuta ni kosa. Ukitazama filta ya kopo kwa juu utaona matundu madogo yaliyozunguka pembeni na tundu kubwa katikati. Kwa kawaida mafuta huingia kwa yale ya pembeni, hupenya karatasi, hutoka kwa la katikati. Anayemimina kutoka kwenye bidoni kupitia tundu la katikati, kwa kuwa ndilo kubwa, ameweka mafuta yasiyochujwa upande safi, na hayo ndiyo ya kwanza kufika kwenye pampu. Funga filta ikiwa kavu, umepaka tu dizeli safi kwenye raba, uache pampu ya mkono iijaze. Mikono itachoka kidogo, basi.

Filta ya kopo hukazwa kwa mkono: raba ikigusa, ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko. Kukaza kwa nguvu kunaikata raba. Ya karatasi huwekwa ikiwa imekaa sawasawa kwenye kiti chake, oringi mpya ikiwa imepakwa dizeli.

Hewa iliyoingia lazima itoke. Pikapu nyingi za Kijapani zina pampu ya mkono juu ya kichwa cha filta. Isukume mpaka iwe ngumu, na usiishie pale inapoanza tu kuonyesha ukinzani. Zenye pampu ya umeme ndani ya tangi hujazwa kwa kufungua swichi bila kuwasha, kusubiri kidogo, kufunga, na kurudia. Kisha washa. Selfu isizungushwe zaidi ya sekunde 15 kwa mkupuo, ipumzike, betri isije ikaisha kabla ya hewa. Kwenye injini za zamani fundi hulegeza nati za mabomba kwenye nozeli huku mwenzake akizungusha selfu, ili hewa itoke hapo. Mbinu hiyo isiguswe kamwe kwenye reli ya mafuta. Mafuta ya shinikizo kubwa hupenya ngozi bila kuonyesha jeraha la maana, na aliyepatwa anahitaji upasuaji wa haraka hospitalini hata kama anahisi mzima. Kwa sababu hiyo hiyo uvujaji hautafutwi kwa kidole. Zima injini, pangusa, washa tena, kisha tazama kwa tochi.

Kabla ya kutupa filta ya zamani, isome. Acha ile chupa angavu itulie. Maji yatajitenga chini na utajua kiasi chake. Ikate filta ya kopo kwa msumeno, ukijua unga wa msumeno si ushahidi, au kunjua karatasi juu ya gazeti. Mchanga na vumbi hutoka kwa muuzaji wa mafuta. Kutu hutoka kwenye tangi lako. Ute mweusi wenye harufu mbaya ni wa vijidudu, na utarudi mpaka tangi lisafishwe. Kinachotisha ni unga wa chuma unaometa. Mtu anaweza kuuliza chuma cha pampu kimefikaje kwenye filta iliyo kabla ya pampu. Mafuta yanayozidi hurudi kwenye tangi kwa bomba la marejesho, kwa hiyo pampu inayojisaga hupeleka vumbi lake kwenye tangi, na tangi hulileta kwenye filta. Ukiona hivyo, gari lipelekwe kwa fundi wa pampu kabla chuma hicho hakijaua nozeli.

Kuna kitu ambacho filta haiwezi kukizuia: mafuta ya taa. Yakichanganywa na dizeli hupita kwenye karatasi bila kizuizi na kupunguza utelezi ambao pampu inautegemea. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Kenya mwaka 2018 ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 za ziada kwa lita ili kuondoa faida ya kuchanganya. Anayenunua kwenye chupa ili kuokoa kidogo hununua pia uwezekano huo.

Vitabu vya magari hutaja mabadiliko ya filta kila kilomita 20,000 hadi 40,000, na kuelekeza kupunguza umbali huo penye vumbi na mafuta yasiyoaminika. Kwa pikapu ya mizigo ya Rubavu ningeshika 20,000, na kutoa maji kwenye koki mara nyingi zaidi ya hapo, hasa mvua zinapoanza. Taa ya maji ikiwaka mapema kuliko hapo, fungua koki kwanza. Mara nyingi kazi huishia hapo bila kununua kitu. Mafuta ya beseni yasimwagwe mtaroni, kwa sababu mawe ya volkano hupitisha kila kitu na maji ya mji huu huishia ziwani. Yaweke kwenye dumu lenye kifuniko pamoja na oili chafu, mpaka upate gereji inayoyapokea.