Ukimya wa Gari na Mpira wa Kongo

Magurudumu yenye pete za chuma yalinguruma mno juu ya barabara za mawe za Ulaya. Mwaka 1888, mjini Belfast, John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la mpira lenye hewa. Mwaka 1907 gari moja la Rolls-Royce likaitwa Silver Ghost, yaani mzuka wa fedha, kwa jinsi lilivyokwenda kimya.

Huku Maniema, Kasongo ilitekwa mwaka 1893 na Kabambare mwaka 1894. Dola Huru ya Kongo, iliyowashinda Waarabu na Waungwana, ilikuwa ikiwalazimisha raia wake kugema mpira wa porini hadi ilipokabidhiwa Ubelgiji mwaka 1908. Historia ya ukimya wa gari haikamiliki bila wagemaji hao.